Mshono Kwenye Kava

Wauza vyuma chakavu wa Eldoret walikuwa wamemchoka Mungai. Mtu gani huyu, ukimwonyesha tangi la pikipiki analikwaruza kwa ukucha aone chini kuna rangi gani, halafu anakuuliza umelitoa wapi, nani alikuuzia, na huyo naye anakaa wapi? Wengine wakimwona kwa mbali walifunga duka na kujifanya wameenda kula.

Lakini msimcheke bure. Hiyo pikipiki kuukuu aina ya BSA aliyokuwa akiifufua ilikuwa ya babake, Mzee Wanyoike. Januari ile ya 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipozuka na mtaa wao wa Yamumbi ukiwaka moto, mzee aliipiga teke ikanguruma, akaenda Cheptiret kumchukua dadake. Dada aliokoka kwa njia nyingine. Mzee hakuonekana tena, si mzima, si maiti. Kilichookotwa mtaroni ni fremu ya pikipiki, imeungua na kunyofolewa kila kitu. Mungai akawaza hivi: aliye na vipuri ndiye anayejua baba yuko wapi. Basi kwa miaka sita akawa anatafuta vipuri, na moyoni anatafuta mtu.

Kikabaki kipuri kimoja, kava ya injini, na hiyo haikupatikana kokote. Mwishowe akaenda kwa Walubengo, fundi wa kuyeyusha pistoni mbovu na sufuria zilizotoboka. Kazi yake ni ya mchanga. Anaushindilia mchanga wenye unyevu kuzunguka kitu cha mfano, anakitoa hicho kitu, kisha anamimina aluminiamu ya moto kwenye pengo lililobaki. Bila mfano hakuna kazi. Mungai alipouliza mfano utatoka wapi, Walubengo alisema atachonga wa mbao akiangalia picha. Walikuwa wakisali kanisa moja na kutembeleana, kwa hiyo Mungai akamwamini. Kwake yeye kumwamini mtu ilikuwa kazi ya kutoa jasho.

Kava ilipotoka ilikuwa safi ajabu, na Mungai alifurahi kama mtoto. Akaipeleka nyumbani, akakaa kibarazani kuisugua kwa kitambaa. Ghafla kidole gumba kikagonga kitu. Palikuwa na tuta jembamba kama mshono wa kuchomelea, limepinda mara mbili. Mshono huo aliujua tangu utotoni. Babake alianguka barabara ya Kaptagat, kava ikapasuka kwenye jiwe, akaichomelea mwenyewe kwa mkono usio na uzoefu. Sasa jamani, kava mpya ambayo haijawahi kupasuka ina mshono wa nini? Mchanga huiga chochote unachoonyeshwa. Hapakuwa na mbao wala picha. Walubengo alikuwa ameishika kava ya mzee mikononi mwake.

Hasira ilimpanda Mungai. Akamkumbuka fundi mezani kwake, akimega ugali na kuulizia habari za mzee kwa upole. Akakumbuka jinsi alivyokataa kuonwa akifanya kazi. Mnafiki mkubwa, akasema moyoni, umekula kwangu huku unajua.

Kesho yake aliitua kava mbele ya Walubengo na kuweka kidole kwenye mshono.

"Fundi, ya babangu iko wapi?"

Walubengo hakukana. Alieleza kwamba alipokuwa akinunua vyuma huko Cheptiret, aliiona kava imesimikwa ardhini katika shamba la mama mmoja mzee. Mama alikataa kuiuza katakata. Alimwazima kwa siku moja tu, baada ya kumwapisha kwamba hataleta mtu yeyote pale. Alipoiona ilivyosimikwa, Walubengo alielewa ilikuwa inalinda nini, na akakosa mdomo wa kumwambia rafiki yake.

Mungai hakuamini hata nusu, akamlazimisha fundi ampeleke huko, kiapo kivunjike kama ni kuvunjika. Alimwambia mkewe, Wacera, anakoenda na anaenda na nani, ili asiporudi wajue pa kuanzia. Njia nzima alimweka Walubengo mbele yake.

Mama Tapkigen aliwapokea bila kushangaa, akawapeleka nyuma ya nyumba. Nyasi zilikuwa zimefyekwa kuzunguka udongo ulioinuka kidogo. Kichwani pake kava ilisimama, imepanguswa ikang'aa.

"Ni babako?" mama akauliza. Mungai akaitikia kwa kichwa. "Alikuwa anaitwa nani? Namwombea kila Jumapili na sina jina lake."

Mungai akalitaja. Mama akalirudia polepole, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka akalishika. Lakini Mungai hakuwa amekuja hapo kwa ajili ya sala.

"Waliomuua unawajua, mama?"

Walubengo akamgusa mkono, akamsihi aache. Mungai akaukung'uta.

"Mmoja nilimzaa mimi," mama akasema. "Nilimwamuru achimbe hapa. Alichimba akilia, na tangu siku hiyo hapiti upande huu wa nyumba."

Mungai akageuka. Dirishani pazia lilikuwa limeshikwa na mkono wa mtu, na mkono huo haukuondoka.