Usinimalizie

Shangazi alikuwa ameegemeza kiti mlangoni na kukikalia, mkoba mapajani, kama mlinzi wa benki. Alikuwa ameapa kwamba bwana harusi hataniona mpaka niingie ukumbini.

"Nataka akikuona apigwe na butwaa," alisema. "Ashindwe hata kupumua."

"Shangazi, hilo hasa ndilo ninaloliogopa."

Mchumba wangu ni fundi wa majokofu, na ana kigugumizi. Siku za kawaida unaweza usijue. Huongea taratibu, akiyapanga maneno kama vipuri mezani. Ila ukimshtua tu, ulimi unagoma. Siku alipokuja nyumbani na watu wake kuniposa, nilitokea sebuleni nimejipamba mpaka kucha. Wakati huo huo mjomba akamwuliza jina lake. Jina lake mwenyewe likakwama. Kaka yake akamjibia, na wajomba zangu wakavunjika mbavu kwa kicheko. Nilitamani kuwamwagia chai. Baadaye aliniambia, neno moja moja, kwamba siku ya ndoa hakuna mtu atakayesema kwa niaba yake.

Na sasa dada yangu, akinifunga vifungo vya mgongoni, alikuwa amenipasulia jipu: wazee wa pande zote mbili wameshakubaliana kwamba bwana harusi akikwama, kaka yake aseme "nakubali" badala yake, shughuli isonge mbele. Mwenyewe hawakumwuliza. Damu ilinichemka. Kwani mimi naolewa na shemeji?

"Nakwenda kumwona," nikasema. "Butwaa lake liishie huko huko tukiwa wawili. Tukifika mbele ya watu awe ameshanizoea."

"Na mimi je? Mwezi mzima nahangaika na hilo gauni ili nione uso wake wewe ukiingia!"

"Uso wake utauona. Nyanyuka, Shangazi."

"Una kichwa kigumu wewe!"

"Nimekirithi upande wa baba. Dada zake nawajua."

Dada akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Shangazi hakucheka. Alinitazama, akauliza kwa sauti ya chini, "Na wakimjibia?"

"Litamuuma maisha yake yote. Na mimi sitawasamehe."

Akanyanyuka, akakisogeza kiti mwenyewe, huku akinung'unika kwamba mabibi harusi wa siku hizi hawafundishiki.

Nilikusanya gauni kwa mikono miwili nikashika njia. Nilipita stoo ya viti, nikapita wapishi walioacha miiko ikining'inia hewani, nikamkuta kwenye chumba cha vinywaji. Amevua koti, amekunja mikono ya shati, sikio ameliweka ubavuni mwa jokofu. Lilikuwa limenyamaza, naye hawezi kulipita jokofu lililonyamaza.

"Geuka," nikamwambia.

Akageuka. Mdomo ukafunguka, macho yakamtoka. "U... u..."

"Umependeza?" nikasaidia.

Akatikisa kichwa.

"Sijapendeza?"

Akafumba macho, akavuta pumzi. "U-umevaa kandambili."

Nikatazama chini. Kweli. Tulicheka mpaka nikahofia wanja wangu. Halafu nikamweleza mpango wa wazee, nikamwambia atumie nafasi hii kuniangalia vizuri, anizoee, ulimi usije ukamgomea.

"Nitakwama tu," akasema. "N-nikikuona mara mia nitakwama. Sitaki dawa. Nataka u... u..."

"Uvumilivu?"

"Usinimalizie!" Hilo lilitoka zima, na kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake. "Wewe pia hunimalizia. Kila siku."

Uso ulinipata moto. Nilikuja nimejaa hasira za wajomba na mashemeji, kumbe na mimi nimo. Nikamsogelea, nikamfunga vifungo vya mikono ya shati.

"Sitakumalizia," nikasema. "Na hakuna mwingine atakayekumalizia."

Ukumbini msajili wa ndoa alimwuliza swali, na mambo yakawa kama alivyosema. "N... n..." Shingo ilimkakamaa. Viti vikaanza kulia. Neno lenyewe lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, na ukumbi mzima ulikuwa nalo. Nikauma meno, nikamtazama yeye tu. Shemeji akakohoa, akapiga hatua mbele. Kabla sijamgeukia, Shangazi alikuwa ameshamdaka mkia wa koti. "Kaa chini," akamwambia. "Hukuulizwa wewe."

Shemeji akakaa. Tukanyamaza wote.

"Nakubali," akasema mume wangu.

Makofi yakalipuka, vigelegele vikapanda, na msajili, kwa haraka ya mtu aliyeponea chupuchupu, akanigeukia mimi. Lakini bwana harusi alikuwa ameinua mkono.

"Si-si-sijamaliza," akasema.

Makofi yakakatika. Msajili akaweka kalamu chini, nasi tukamsubiri.