Nukta za Kwenda Igowole

Mzee Sosthenes hakupenda kukosolewa, hasa kwa kalamu nyekundu. Hesabu alijifunza kwenye madarasa ya jioni, nywele zikiwa zimeshaanza kuota mvi, na daftari lake hakulionea haya mbele ya mtu yeyote. Kwa hiyo Mwalimu Tumpe alipomkosesha swali la tatu, mzee alisimama.

"Mwalimu, nimenakili nilichokiona."

"Umeandika 425, Baba. Ni 4.25. Miwani umeiacha nyumbani?"

"Miwani ninayo. Nukta ndiyo haipo."

Tumpe alicheka, akaichukua simu ya mzee. Ndani yake mlikuwa na video ya somo lake Tumpe mwenyewe, aliyoirekodi kutoka kwenye kioo cha kompyuta hapo hapo chumbani kwake Ilomba. Saa saba mchana kadi ya kumbukumbu yenye somo hilo ilitakiwa iondoke na basi kwenda Igowole, ambako mwanafunzi wake Esther na akina mama wenzake kumi na mmoja walikuwa wakirudia masomo bila mwalimu wa hesabu. Mtihani wao ulikuwa Jumatatu. Kila somo lilianzia kwa mzee, kwa kuwa simu yake ilikuwa ndogo kama zao.

Kicheko kikakatika. Tarakimu zilikuwa kama chaki iliyopanguswa kwa kiganja, na nukta zimemezwa.

"Nimeiharibu mwenyewe," alisema. "Nilikata kikohozi, nikaitoa kama video mpya. Nikasikia jogoo, nikaikata ileile iliyokwisha kutolewa, nikatoa tena. Mara tatu. Kila mara kompyuta inaibana, picha inafifia. Halafu nikapunguza na ukubwa wa picha ili ienee kwenye kadi."

"Waandikie karatasi ya masahihisho."

"Nukta zote hizo, Baba? Watafanya mtihani na karatasi yangu mkononi?"

Akairudia rekodi ya kwanza, ambayo hakuwahi kuigusa. Akakata upya kikohozi, jogoo na vyote, kwa mkupuo mmoja. Ukubwa wa picha akaulinganisha na wa rekodi yenyewe, akaongeza kiasi cha data kwa kila sekunde, kisha akaitoa mara moja tu. Mzee alimtazama. Binti wa umri wa mjukuu wake, na hakumlaumu jogoo hata kidogo.

Saa sita ikapita. Video ikatoka safi, lakini kadi ya kwenda Igowole haikuitosha. Mkono wa Tumpe ukarudi kwenye kipanya.

"Usiibane!" Mzee alifungua simu yake, akachomoa kadi yake mwenyewe, kubwa zaidi. "Futa."

"Nyimbo zako zote za kwaya za miaka minane?"

"Nyimbo nitaimba mwenyewe. Nukta nitaziimbaje?"

Video ilipoingia, mzee aliirudisha kadi kwenye simu, akanakili tena swali la tatu: 4.25. Tumpe akatia vema. Kisha akafunua ukurasa wa nyuma, penye ile 425, akaufuta kwa mstari mkato wake mwekundu, akaandika pembeni: *Kosa la mwalimu.*

Mzee alisoma maneno hayo mara mbili. Akaichomoa kadi, akaifunga kwenye leso, akashika njia ya stendi, akiimba sauti ya nne ya kwaya peke yake.