Mkono wa Kalolaine

Hakuna mjamzito kisiwani ambaye Penisoni, mganga wa zahanati, hakumpima presha na kumtania. "Mama, humo tumboni mna mtoto au umemmeza nguruwe wa mchungaji?" Walicheka, akawafunga kipimo mkononi, akaandika. Aliyebaki ni mmoja: Kalolaine, dada yake wa tumbo moja, mimba ya miezi minane.

Asingeweza. Tangu wabalehe hawajakaa chumba kimoja. Dada akiingia, kaka anatoka. Kumshika mkono au kutaja tumbo lake, mwanamume wa Kitonga hathubutu hata akilewa. Kazi hiyo ilikuwa ya muuguzi Sulieti, naye alikwenda Tongatapu, kisiwa kikuu cha Tonga, kumzika shangazi, na misiba ya huko haina haraka.

Jumapili kanisani Penisoni aliona, ingawa hakupaswa kutazama: Kalolaine kavaa ndala za mumewe, miguu imeumuka. Nje, akina mama walikuwa wakimpongeza mama mkwe.

"Mwenzetu unajua kulisha! Uso umejaa huo!"

Mama mkwe akachekelea kama aliyeshinda mbio.

Jumatatu Penisoni akamwita shemeji yake, Uikelotu, akampa kipimo cha betri. "Mfunge hapa, bonyeza hapa. Niletee namba ya juu na ya chini."

"Leo hunitanii, shemeji? Basi kuna jambo."

"Niletee namba tu."

Akaleta: mia na kumi na nane kwa sabini na sita. Jumanne, hiyohiyo. Jumatano, hiyohiyo. Penisoni alijua fika presha ya mtu haikai palepale kama msumari ukutani. Lakini asipoamini, itambidi avuke kizingiti cha dada yake. Akaamini.

Alhamisi, jua la utosi, Uikelotu akaja mbio bila shati.

"Kichwa kinampasuka! Anasema anaona nyota!"

"Namba, shemeji. Ya kweli."

"Mia na themanini na nne."

"Na Jumatatu?"

Uikelotu akatazama chini. "Mia na sitini na kitu. Alinikataza. Alisema ukijua utalazimika kuja, na yeye hawezi kumtia kaka yake aibu hiyo."

Penisoni akachukua sindano ya kuzuia degedege, akakimbia. Na pale mlangoni, Mungu amsamehe, akasimama. Nyuma ya pazia alisikia visigino vikigonga mkeka, harakaharaka, kama mtu anayetwanga. Kifafa cha mimba. Akahesabu mapigo ya visigino hivyo kabla mguu wake haujakubali kuingia.

Sindano ile huchomwa takoni, kulia na kushoto. Mama mkwe akajifunika uso kwa upindo wa nguo yake. Penisoni akachoma, machozi yakimdondoka kwenye mgongo wa dada yake.

Boti ilichukua saa nne hadi hospitali. Mtoto alizaliwa wa kiume, hana pumzi. Kijijini hakuna aliyemlaumu Penisoni. Wazee walimpa mkono kwa kuiheshimu mila hadi dakika ya mwisho, na mkono huo ulimchoma kuliko tusi.

Wiki ya tatu Kalolaine alirudi, mashavu yameingia ndani. Akaja zahanati. Sulieti, aliyekwisha kurudi msibani, alikuwa pale mezani kwake, kipimo tayari. Kalolaine akampita, akaketi mbele ya kaka yake, akageuza uso dirishani, akaulaza mkono juu ya meza. Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakageuza shingo.

Penisoni akageukia ukuta. Akamfunga kwa kupapasa. Akatafuta utani, wowote ule. Hakuupata.

"Soma," Kalolaine akaliambia dirisha.

"Mia na arobaini na mbili kwa tisini na tano."

"Ndiyo ya kweli?"

"Ya kweli. Bado iko juu. Inabidi upimwe tena kesho."

"Nipimwe na wewe?"

"Na mimi."

Kipimo kilikwisha kutoa pumzi yake yote. Mkono ulikuwa bado mezani.