Kinu cha Mama Tangawizi

Mama mkwe wangu ana ugomvi na kikohozi. Ukikohoa mara moja mbele yake, anakutazama kana kwamba umemtukana. Ukikohoa tena, tayari maji yako jikoni. Mtaa mzima unamwita Mama Tangawizi, na jina hilo analionea fahari. Anakuja mwalimu aliyekaukiwa sauti, anasukutulishwa maji ya chumvi mpaka machozi yanamtoka. Anakuja fundi bomba mwenye mafua, anafunikwa blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi, anatoka humo kaloa chapachapa, anaapa harudi tena, na mafua mengine yakimshika huyo karudi. Kuna kitunguu kilichochemshwa, kuna asali na ndimu, kuna karafuu za kutafuna. Lakini mkubwa wa dawa zote ni tangawizi, na tangawizi yake lazima itwangwe kinuni. Kuikwangua ni kuiharibu, anasema, na hapo huna la kubisha.

Mimi ni msusi. Nasukia chumba cha mbele, jiko liko nyuma ya ukuta, kwa hiyo nimeishi na kinu hicho tangu niolewe. Zamani kilisikika asubuhi tu, basi. Mwaka huu kikakosa adabu. Du! du! du! asubuhi, mchana, jioni. Mteja anashtuka kitini, mimi napindisha njia, inabidi nifumue nianze upya.

"Huko nyuma mnajenga ghorofa?" mteja mmoja aliniuliza.

"Dawa ya kikohozi hiyo."

"Basi kikohozi kitakuwa kimeshahama kwa kelele."

Tulicheka, lakini rohoni nilikuwa na langu. Kelele ningezivumilia. Kilichonikata maini ni jinsi alivyomgeuka mwanangu. Binti yangu amekulia mgongoni kwa bibi yake, kisha ghafla bibi hataki hata kumpakata. Mtoto akimkimbilia, anainua mkono: "Kaa hukohuko, bibi ana kazi." Akajitengea kikombe chake na sahani yake. Kiti chake akakitoa nje ya mlango wa nyuma, sisi tunakula ndani, yeye anakula huko peke yake. Akapungua mpaka magauni yakawa yanamning'inia, nami nikadhani ni kinyongo kinamla.

"Mama yako ametuchoka," nikamwambia mume wangu.

Mume wangu ni fundi wa majokofu. Jokofu likikoroma vibaya kidogo tu, analisikia akiwa barabarani. Watu sasa, hasikii kitu! "Mama anazeeka," akasema. "Muache." Nikanuna. Kama mama ana neno na mimi, si aniambie mimi? Mtoto kakosa nini?

Jumamosi moja nilikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa nimeshasuka, nusu nywele zimesimama. Mtoto alikuwa na mafua tangu jana yake, amekaa sakafuni anachezea vishikizo vyangu vya nywele. Mara akainuka, akachukua kikombe chake cha bati, akaenda nyuma ya mlango. Nikasikia ko! ko! ko! anakigonga sakafuni.

"Wewe, acha fujo!"

Ko! ko! ko! Nikaenda kumtoa. Nikamkuta amechuchumaa, mkono mmoja unagonga kikombe, mwingine umeziba mdomo, na katikati ya kugonga anakohoa.

"Unafanya nini?"

"Nakohoa."

"Na kikombe je?"

Akanishangaa mimi nisiyejua jambo dogo kama hilo. "Cha kukoholea. Bibi anakoholea kinu."

Wakati huohuo, nyuma ya ukuta, du! du! du!

Sikumuaga mteja. Jikoni nilimkuta mama ameinama, mkono mmoja unatwanga, mwingine umebana kitambaa mdomoni, mabega yanaruka. Nikachungulia kinu. Hakukuwa na tangawizi. Hakukuwa na kitu chochote. Alikuwa anatwanga kinu kitupu, na kitambaa kilikuwa na damu.

Akageuka, akaniona.

"Usinikaribie. Toka nje."

"Mama, tangu lini?"

"Kitapoa tu. Nimeshakunywa kila kitu."

"Tangu lini, mama?"

"Watu wananijia mimi na vikohozi vyao," akasema. "Nitawaambia nini?"

"Na mtoto?"

"Mtoto ndiyo maana simshiki!"

Huruma ilikuja, lakini hasira iliitangulia, na sikuizuia. "Yaani ulijua kumkinga mtoto, ukashindwa kwenda hospitali? Mtoto anakohoa, mama! Anajificha nyuma ya mlango, anagonga kikombe kama wewe!"

Mchi ulimponyoka. Sijawahi kuuona uso wa mtu mzima ukivunjika vile. Alikwenda mwenyewe kutafuta viatu.

Tulikwenda hospitali wote wanne. Wakachukua makohozi, wakapiga picha za kifua, kisha wakatuketisha barazani tusubiri. Mama alikaa mbali nasi, mwisho wa benchi, amevalishwa barakoa, macho hayamtoki mtoto. Muuguzi alipotujia, mama alimuwahi.

"Anza na mjukuu."

"Mjukuu ana mafua tu," muuguzi akasema. "Tutampa dawa za kinga. Wewe, mama, una kifua kikuu. Kinatibika, lakini umechelewa sana kuja."

Mama alifumba macho. "Mafua tu," akarudia, kana kwamba hayo mengine hakuyasikia.

Sasa analala chumba chenye dirisha kubwa, na linakaa wazi. Anameza vidonge huku anavisema vibaya, eti dawa gani isiyo na hata harufu. Mwalimu alikuja juzi na koo lake, mama akampokea dirishani. "Kama kikohozi kimepita wiki mbili si cha tangawizi hicho," akamwambia. "Kapime. Usiwe mjinga kama mimi."

Leo mchana mtoto alikuwa anacheza chini ya dirisha hilo. Kikohozi kikamshika, akakimbilia kikombe chake.

"Kiache, mjukuu wangu," mama akasema kutoka ndani. "Kohoa hivyohivyo."

Mtoto akanigeukia mimi, kama aliyeruhusiwa kutukana. Nikamwitikia kwa kichwa. Akakohoa, akacheka, akaenda zake.

Kisha mama naye akakohoa. Bila kinu, kwa mara ya kwanza, nilikisikia kikohozi chake chote. Kilikuwa kirefu mno. Nilisimama na kitana mkononi, nikingoja kiishe.