Salaam ya Kila Namba

Tangu kisukari kilipomnyima Mzee Thabit nuru ya macho, mkewe Bi Kheiria ndiye aliyekuwa akimtazamia. Nyumbani humweleza kila kitu, hata paka kalala upande gani wa boneti ya gari. Kwa hiyo mzee aliposikia hapa Muscat kuna maonyesho ya picha za thieta ya mawe ya Uturuki, ile waliyoijenga Wagiriki, kisha Warumi wakaja wakaiongeza, alisema, "Mama Msellem, nipeleke ukanionyeshe." Ujanani alipita karibu nayo, basi lisisimame. Na leo maonyesho yanafungwa.

Mlangoni, Nyamizi, binti wa Kitanzania aliyekuwa akigawa vifaa vya maelezo, akamvisha mzee hedifoni juu ya kofia yake.

"Shikamoo babu. Mkifika kwenye namba, bibi abonyeze. Kifaa kitakueleza yote."

"Na mie nifanye nini?" Bi Kheiria akauliza.

"Si utabonyeza, bibi."

Namba moja, akabonyeza. Mzee akasimama, mkono kifuani. "Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh," akajibu, taratibu, neno kwa neno. Kisha akageuka. "Hebu nirudishie. Kasema nami nnamjibu, sikusikia."

Akamrudishia. Sauti ikaanza upya, na salaam yake. Mzee akaijibu upya.

"Baba Msellem, hiyo mashine."

"Aliyerikodi si mtu? Mtu akutolee salaam, umnyamazie?"

Namba ya pili vivyo hivyo. Ya tatu vivyo hivyo. Watu waliokuja nyuma yao wakawapita na vigari vya watoto. Mbele ya picha kubwa, iliyoanzia sakafuni hadi juu, Bi Kheiria hakuweza kujizuia: viti vimezunguka kama upepeo uliokunjuliwa, ngazi zimelika katikati zilipokanyagwa, ufani pameota jani...

Mzee akainua kidole. "Ngoja, anasema."

"Anasemaje?"

"Tazama kushoto kwako."

"Na kushoto kuna nini?"

"Hajasema."

Bi Kheiria akabonyeza namba iliyofuata. Hawajafika hata nusu, Nyamizi akaja. "Samahani bibi, tunafunga."

Wakakaa nje kwenye benchi. Mtoto wao Msellem alipiga simu: anakuja kuwachukua, yumo kwenye foleni ya magari, mtaa wa Ghala. Mzee alikuwa akiipapasa fimbo yake.

"Mama Msellem."

"Naam."

"Yale mawe yalikuwa rangi gani?"

"Muulize huyo bwana wako wa salaam."

"Si umemrudisha kwa yule binti."

Bi Kheiria akaitengeneza shela yake, akaitengeneza tena. Mzee shingo kainyoosha upande wake, kama anayechungulia dirishani.

"Rangi ya mkate wa mofa," Bi Kheiria akasema, uso bado kaukunja. "Ule upande uliogusa tanuri."

Mzee akasogea. "Anzia namba moja."

"Sina namba mie. Nnaanzia mlangoni. Na salaam sitoi."