Sekunde za Spiriti

Saa nne na dakika kumi asubuhi, tone la maji ya uti wa mgongo wa mtoto wa miezi saba lilikuwa limekauka juu ya kioo cha kupimia, kando ya sinki la maabara. Mtoto alikuwa wa dada wa mtaalamu wa maabara. Zamu ilikuwa ya mtaalamu huyo peke yake, kwa hiyo alimpima mwenyewe. Daktari alikuwa amesema wazi: figo za mtoto zimechoka, hazibebi dawa zote mbili za homa ya uti wa mgongo. Atapewa moja, na rangi ya vijidudu ndiyo itakayoichagua.

Alimwaga rangi ya zambarau, akangoja dakika moja. Akamwaga iodini, dakika nyingine. Zambarau hiyo ya kiwandani ni king'ang'anizi: ikishaonana na iodini hujifungia ndani ya vijidudu vyenye ukuta mnene, hata spiriti haiing'oi. Vyenye ukuta mwembamba huiachia, vikapakwa waridi ili vionekane. Ila spiriti ikizidi, hata hao wabishi wa ukuta mnene husalimu amri. Ndiyo maana sekunde za spiriti huhesabiwa kwa mdomo, zisizidi kumi.

"Moja, mbili, tatu..." alihesabu akiimwaga.

Dada yake akachungulia dirishani, macho yamevimba. "We mdogo wangu, unanuiza? Umeshakuwa mganga?"

"Subiri kidogo, dada."

"Amekataa kunyonya tena. Niambie tu, mwanao atapona?"

Akageuka kumtazama. "Atapona."

Aliporudisha macho sinkini, spiriti ilikuwa bado inatiririka na hesabu imempotea. Kanuni haikuwa na utata: hesabu ikipotea, kioo kinatupwa, unaanza na kingine. Cha pili kilikuwa tayari, kimekauka. Kingemchukua dakika kumi. Alikisia kuwa sekunde hazijazidi kumi, akaosha, akamalizia na waridi.

Kwenye hadubini kila kitu kilikuwa waridi. Akapiga simu wodini: vijidudu ni waridi.

"Una uhakika?" daktari aliuliza.

"Nina uhakika."

Saa tisa alasiri daktari alimpigia yeye. Homa haijashuka, na mtoto ameanza degedege. Mtaalamu alifunga mlango, akapaka rangi kioo cha pili, akahesabu mpaka mwisho. Vijidudu vilikaa viwili viwili, zambarau iliyokolea. Alitazama mara moja tu, akanyanyua simu.

"Ni zambarau. Asubuhi nilikosea. Badilisha dawa."

Dawa ilibadilishwa saa tisa na dakika ishirini. Mtoto alifariki saa kumi na moja kasoro dakika tano.

Alimkuta dada yake wodini, amekaa karibu na mtoto, soksi moja mkononi.

"Dada, jibu la asubuhi halikuwa sahihi. Spiriti ilizidi. Nilijua hesabu imepotea, sikurudia."

Dada yake aliigeuza soksi kiganjani. "Daktari anajua?"

"Anajua. Nimemwambia."

"Haya. Nipishe nimvalishe mwanangu."

Mtaalamu akasogea kando. Dada yake akavuta pazia la kitanda, akalifunga mpaka mwisho.