Simu ya Mjomba Stambuli

Haya, tegueni: nani huyo anachemsha chai juu ya mawingu, na jioni miguu imemvimba kama ya mtu aliyeshuka kulima mlimani? Ni Nasra, mtoto wa binti yangu Maimuna, mhudumu wa ndege. Hapa Mlali watu walidhani anatalii tu. Mimi niliyekuwa namkanda miguu hiyo kwa maji ya chumvi akija likizo, najua.

Ramadhani iliyopita Maimuna aliugua. Mwanangu Stambuli, ambaye kwa Nasra ndiye mjomba, akampigia simu kwamba mama yake kazidiwa. Mtoto akaacha safari yake, akaja mbio, akamkuta mama yake kaketi anakunywa uji. Tulicheka siku ile. Kazini kwake hawakucheka. Walimwambia akiacha ndege tena na hakuna msiba, asirudi.

Idi ikapita. Ijumaa moja alfajiri Maimuna akanifia mikononi.

Sasa, kwetu mtu hapewi msiba kwa simu. Unamwambia mgonjwa kazidiwa, njoo. Akifika akakuta watu wamejaa uani anaelewa mwenyewe, na wa kumshika wapo. Stambuli akapiga hivyo hivyo. Nasra alikuwa kiwanjani Dar, keshavaa sare, anakwenda Mwanza na Bukoba na kurudi. Simu ile ina sauti kubwa, nikasikia yote.

"Kazidiwa kama ile Ramadhani, mjomba, au kweli?"

"Wewe njoo tu, utamkuta."

"Basi nikirudi na hii ndege nakuja jioni. Mwambie asimalize uji, aniachie."

Nikanyoosha mkono nipewe simu. Stambuli akakata. Akasema hawezi kumwangusha mtoto huko ugenini, hana hata wa kumdaka. Nikamuuliza, huyu ndiye binti pekee, mama yake ataoshwa na nani? Akapiga tena. Nasra keshaizima. Kazini kwao simu inafungiwa mkobani mpaka safari iishe.

Maiti hatukuweza kuilaza. Nilimwosha mimi, mimi niliyemzaa, jirani yangu Pili akinimiminia maji. Akazikwa baada ya swala ya Ijumaa.

Jioni Nasra akashuka treni Morogoro mjini, akapanda bodaboda hadi huku na sare yake, na rangi ya mdomo bado ipo. Akasimama penye turubai akatutazama mmoja mmoja. Hakulia. Aliuliza tu kazikwa saa ngapi, nikamwambia.

"Saa hizo kuna baba alikuwa ananigombeza soda yake haina barafu," akasema. "Nikamwomba radhi huku natabasamu."

Stambuli akajitetea kwamba alimhurumia. Nasra hakupandisha sauti.

"Mjomba, ungeniambia kafa ningeanguka. Halafu ningeinuka, nikaja."

Tangu hapo hamwamini mtu wa nyumba hii. Wiki iliyopita malaria ilinilaza, Stambuli akampigia kumwambia bibi ana homa kidogo. Akasema, "Mwekee bibi simu mdomoni."

Nguvu za kusema sikuwa nazo. Nikapumua tu, naye huko kiwanjani akawa ananisikiliza mpaka abiria wake wakaanza kuingia.